Nanga ya pili ya boti ya mita 6: shajara ya mradi, Tanga hadi Pangani

Januari, kaskazi bado ina nguvu

Boti ni ya mbao, urefu mita 6, injini ya farasi 15 nyuma, na kazi yake ni mshipi wa usiku na kutega madema. Nanga iliyomo ni ile anayoijua kila mvuvi kutoka Sahare hadi Kigombe: makombe manne ya nondo yaliyochomelewa kwenye kipande cha bomba, kilo 8 hivi, mnyororo mfupi na kamba ya plastiki ya kijani. Kwenye mwamba haina mpinzani, maana inanasa papo hapo. Taabu ni kwamba ikishanasa vibaya haitoki, na bahari ikichafuka usiku watu hukata kamba wakaondoka. Ukishakata, huna tena kitu cha kukuzuia usiende mwambani ila injini, na injini ya boti ndogo huzimwa na maji kwenye petroli, plagi chafu, au kipande cha wavu kilichojizungusha kwenye panga.

Kwa hiyo mradi wa msimu huu ni nanga ya pili, yenye kamba yake yenyewe na mahali pake ndani ya boti. Nimeweka sharti moja tangu mwanzo, na kila uamuzi nitaupima kwalo: nanga ya pili isiwe mdogo wake wa kwanza. Wenzangu wengi wanabeba nanga ndogo ya nondo kuwa ndiyo akiba. Hiyo itashindwa palepale iliposhindwa kubwa, tena mapema zaidi. Ninayoitaka ni nanga itakayoshika mahali ile ya kwanza isiposhika.

Mahali hapo panajulikana. Ni tope la mikoko ndani ya ghuba ya Tanga, mchanga wa kuzunguka fungu la Maziwe, na mlango wa Mto Pangani ambako maji hugeuza njia kila yanapojaa na kupwa. Makombe ya nondo ni membamba. Yanapita kwenye tope kama uma kwenye uji.

Januari, maji mafu

Sijanunua kitu. Nimetaka kwanza kujua nanga itavutwa kwa nguvu kiasi gani.

Mvuvi wa pwani yetu anaijua kwa moyo tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Siku kama hiyo hatutoki, lakini inaweza kutukuta tumeshatoka, kwa hiyo nikaifanya ndiyo kipimo. Majedwali wanayotumia watengenezaji boti wa Marekani yanakadiria kwamba boti ya futi 20, ambayo ni kama yetu, huvuta nanga kwa kilo 40 hivi upepo ukiwa kilomita 28 kwa saa, na kwa kilo 160 hivi ukifika kilomita 55. Upepo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Nikapiga hesabu hiyo kwa kilomita 40, jibu likaja karibu kilo 85. Majedwali hayo yana akiba ndani yake kwa ajili ya mawimbi na boti kuyumba huku na huku, na mimi sioni sababu ya kuipunguza akiba hiyo.

Jioni nikampelekea ami hesabu hiyo. Yeye amekuwa nahodha tangu sijazaliwa.

“Sisi tulitia jiwe, mwanangu, na nyumbani tulirudi.”

Nikamwambia, “Ami, nimelipigia hesabu jiwe pia.” Zege la kilo 20 likizama hubaki na uzito wa kama kilo 12, kwa sababu maji yanabeba zaidi ya theluthi yake. Likiburutwa juu ya mchanga linazuia kama nusu ya uzito huo, yaani kilo 6. Chuma hupoteza kidogo sana, kama kilo moja kwa kila kilo nane, na zaidi ya hapo chuma chenye kombe kinachimba.

Akafikiri kidogo. “Jiwe lilikuwa la ngalawa. Ngalawa tulikuwa tunaivuta hadi ufukweni, hailali majini. Hii boti yako ina ubavu mrefu na injini imening'inia nyuma, upepo una pa kusukumia.” Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa yamebeba hesabu yote.

Februari, kuchagua

Aina nilizozitazama ni tano.

Nanga ya kukunja, ile ya makombe manne yanayofungwa pamoja kama mwavuli, ndiyo rahisi kupatikana madukani, na inaingia hata kwenye ndoo. Niliiacha bila kusitasita. Makombe yake ni mafupi kuliko ya nondo tulizonazo na tabia ni ileile.

Nanga ya jembe, CQR, ilibuniwa mwaka 1933 na Geoffrey Taylor, mwanafizikia wa Uingereza aliyejulikana zaidi kwa utafiti wake wa mwendo wa maji na hewa. Ni nanga nzuri kwa chombo kikubwa chenye roda omoni, yaani mbele. Kwetu ingekuwa chuma chenye pembe kali kinachogonga miguu usiku. Ile ya ukucha, iliyobuniwa na Peter Bruce miaka ya 1970, inapendwa kwa kuwa boti ikigeuka na mkondo yenyewe hugeuka humo humo mchangani bila kutoka, lakini nguvu yake ya kushika kwa kila kilo ni ndogo, hivyo inabidi iwe nzito. Kisha ziko za kisasa zenye umbo la koleo na upinde juu, kama Rocna ya New Zealand iliyoanza mwaka 2004. Kama ningekuwa natafuta nanga kuu ya chombo kinacholala nje miezi mizima, ningejinyima niipate. Kwa nanga ya pili ya boti ya mvuvi, bei pamoja na usafirishaji haviniruhusu.

Ikabaki nanga ya mabapa, yenye vibao viwili bapa vya chuma vinavyochimba chini. Aliyeibuni ni Mmarekani, Richard Danforth, na ilienea katika Vita vya Pili vya Dunia kwenye boti za kushushia askari ufukweni. Boti ilidondosha nanga tezini, yaani nyuma, ikielekea nchi kavu, ikapanda mchanga, ikashusha watu, kisha ikajivuta yenyewe kurudi majini kwa kamba ya nanga ile. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naitafutia chuma. Inafaa kushikilia tezi tunaposhusha samaki ufukweni, na inafaa kutuchomoa tukipanda fungu. Kwenye mchanga na tope la kawaida inashika mara nyingi kuliko uzito wake, na inalala bapa chini ya mbao za kukanyagia.

Udhaifu wake nao nauandika, usije ukasahaulika kwa furaha ya kununua. Kwenye majani ya bahari mara nyingi inateleza juu juu bila kuzama. Mwambani haina kazi. Mvuto ukigeuka upande wa pili inaweza kung'oka, na ikinaswa na gome au jiwe katikati ya mabapa haizami tena. Majani na mwamba ni kazi ya nanga ya nondo. La mkondo kugeuka linahitaji ufumbuzi, na nitalirudia nikifika Pangani.

Februari, kwa fundi

Fundi wa kuchomelea nimempelekea vipimo na sampuli ya kadibodi. Kitu cha kuangalia kuliko vyote kwenye nanga hii ni pembe kati ya mti, yaani shina linalofungwa mnyororo, na mabapa. Kwa mchanga inatakiwa nyuzi 32. Hakuna aliyekuwa na kipimapembe pale karakana, nikakata pembetatu ya kadibodi: sentimita 16 chini, sentimita 10 juu. Hiyo inatoa nyuzi 32 kamili, na kadibodi unaiweka juu ya chuma chenyewe huku fundi akiunga.

“Mbona tusiipe 45?” akauliza. “Si itachimba zaidi?”

Swali lake lina uzito, maana kuna nanga za alumini zinazouzwa zikiwa na nafasi mbili, 32 kwa mchanga na 45 kwa tope laini sana. Ila pembe ya 45 kwenye mchanga mgumu inafanya ncha zisimame badala ya kuingia, na nanga inaburuta imeinua kichwa. Mchanga tunakutana nao mara nyingi zaidi. Tukabaki na 32.

Mabapa yamekatwa kwa bati nene la milimita 4, mti ni bapa la milimita 10, na fimbo ya pembeni inayozuia nanga isipinduke ni chuma cha duara cha milimita 16. Uzito wote ni kilo 6 na kitu. Fundi alipomaliza nikamwomba asage ncha za mabapa ziwe kali, kisha arudie kuchomelea upande wa ndani wa kizuizi cha pembe, kwa sababu mvuto wote unaishia hapo. Kile kizuizi kikikatika, mabapa yanafunguka na nanga inabaki chuma chakavu. Alirudia bila manung'uniko, akapiga nyundo kila mshono na kusikiliza mlio. Naithamini sana kazi ya fundi anayesikiliza chuma chake.

Juu ya rangi ya zinki sina mengi. Imepakwa tabaka mbili na itahitaji kurudiwa kila msimu.

Februari, kamba

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko kwenye nanga yenyewe, na naona ndivyo inavyostahili. Nanga nyingi zinazolaumiwa kwa kukokota zilikuwa nzima. Kilichokosa ni kamba.

Kwanza ni aina. Kamba ya plastiki tuliyoizoea ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Upepo ukipoa inapanda juu na kungoja panga la boti inayopita. Jua linaila, na ikivutwa kwa ghafla hainyumbuki vya kutosha. Nailoni inazama, na ikivutwa inarefuka, hivyo wimbi linapoinua omo mshtuko unaliwa na kamba kabla haujafika kwenye nanga. Nimechukua nailoni ya nyuzi tatu, milimita 10. Nguvu yake ya kukatika ni karibu tani 2, ambayo ni nyingi mno kwa kilo 85, lakini fundo laweza kuipunguza hadi karibu nusu, chumvi na jua vinakula kilichobaki, na kamba nyembamba zaidi ya hiyo inakata viganja vya anayeivuta usiku.

Mbele ya kamba kuna mnyororo wa milimita 8, mita 4. Kila mita ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, kwa hiyo mnyororo peke yake unakaribia uzito wa nanga. Kazi yake ni mbili: kuulaza mvuto chini, na kupokea msuguano wa changarawe badala ya nailoni. Pingu mbili za chuma, za umbo la U, zinaunga mnyororo na nanga na kitanzi cha kamba, na misumari yake yote nimeifunga kwa waya usiolika kutu. Msumari wa pingu hujifungua wenyewe kwa kutikisika, chini huko usikouona.

Kisha urefu. Hapa ndipo bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, linapowaadhibu wengi. Pwani ya Tanga bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3 na mara nyingine karibu 4. Tuseme umetia nanga maji yamekupwa, kina ni mita 4, na omo iko mita 1 juu ya maji. Jumla mita 5. Ukitoa kamba mita 25 umetoa mara tano, na unalala ukiwa na amani. Baada ya saa sita maji yamepanda mita 3 na nusu, jumla sasa ni 8 na nusu, na kamba yako ileile imekuwa chini ya mara tatu. Ukitoa mara saba, kamba inavuta nanga kwa pembe ya nyuzi 8 tu kutoka chini. Mara tano ni nyuzi 11 na nusu. Mara tatu ni karibu 20, na hapo mvuto unaanza kuinua mti wa nanga. Kwa hiyo kina kinahesabiwa cha maji yaliyojaa, hata kama unatia nanga yamekupwa. Kwa 8 na nusu, mara saba inakuja karibu 60. Nimenunua mita 60, nikatia alama ya uzi mwekundu kila mita 10, fundo moja, mbili, tatu, ili mkono uzihesabu gizani.

Bamvua, majaribio mchangani

Siku za bamvua maji yetu hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na mchanga unabaki wazi mbali sana. Nikabeba nanga zote mbili, makapi mawili ya kuvutia kamba, pipa la plastiki, na mizani ya saa ya kupimia samaki inayofika kilo 100. Mashua kubwa iliyokuwa imelala mchangani, kwa ruhusa ya mwenyewe, ikawa nguzo ya kuvutia.

Mizani ilikaa kati ya kamba ya nanga na makapi. Nilianza na nanga ya nondo. Ilichora mifereji mchangani na mshale ukacheza kwenye 20 na kitu, ikaendelea kuja tu, polepole, bila kukataa. Watoto waliokuja kutazama wakawa wanaisindikiza.

Kisha ya mabapa. Pipa nililijaza maji, juu yake nikapitisha kamba, ili kuigiza pembe ya kamba kutoka botini. Pipa lina kimo cha karibu mita moja, hivyo likiwa mita 3 kutoka kwenye nanga ni sawa na kutoa kamba mara tatu, mita 5 ni mara tano, na kuendelea. Kwenye mita 7 ncha zilizama, mabapa yakafuata, mchanga mbele ya mti ukavimba na kupasuka, halafu nanga ikatoweka. Mshale ukapita 85 na kwenda mwisho wa mizani, tukaacha kuvuta kwa kuhofia mizani. Kuitoa tulichimba kwa mikono. Kwenye mita 3, chuma kilekile, mchanga uleule: ilipofika 40 hivi kichwa cha mti kikaanza kunyanyuka, bapa moja likachomoza, ikatoka yote kwa mara moja na kuruka.

Ami alikuwepo. Hakusema kitu, alikwenda kulisogeza pipa mwenyewe hadi mita 5 akataka tuvute tena.

Mchanga ulioachwa na maji ni mgumu kuliko ulio chini ya maji, hivyo tarakimu hizi ni za kulinganisha nanga moja na nyingine, si za kuahidiana. Mchana, maji yalipojaa, tukarudia tukiwa tunaelea. Ukitupa nanga ya namna hii boti ikiwa bado inakwenda, inapepea kama bapa majini na kuangukia mbali. Inatakiwa ishushwe kwa mkono hadi iguse chini, boti irudi nyuma taratibu, kamba itoke, ndipo ufunge na kuipa injini nguvu ya kinyume. Mkono ukiwa juu ya kamba unajua. Nanga inayokokota inatuma mtetemo kama wa kitu kinachopita juu ya kokoto. Iliyoshika inakaza kamba kimya. Tukalinganisha mnazi mmoja na paa la nyumba nyuma yake, vikabaki kwenye mstari mmoja.

Machi, mlango wa Mto Pangani

Tulifika maji yakipwa, mto ukitoka kwa kasi kuelekea baharini. Tukakaa mbali na njia ya kivuko cha Bweni.

Hapa nanga zinatiwa mbili, zote kutoka omoni. Ya mabapa ilikwenda upande wa juu wa mto, ikashika. Tukaiachia kamba ndefu, boti ikashuka na mkondo, tukatia ya nondo upande wa baharini, kisha tukavuta kamba ya kwanza hadi boti ikakaa katikati. Sasa mto ukitoka, inavutwa ya juu. Maji ya bahari yakiingia, inavutwa ya chini. Hakuna nanga inayopinduliwa, kwa sababu kila moja ina zamu yake na upande wake, na boti inageuka mahali pamoja badala ya kuzunguka duara kubwa na kugonga vyombo vya watu. Tatizo la mabapa kung'oka mvuto ukigeuka likawa limepata jibu.

La kuangalia ni kamba kusokotana boti inapogeuka. Nailoni ilipolegea ilikaa chini, haikuja kwenye panga. Kwa sababu hiyo tu, nailoni imelipa gharama yake. Nanga ya nondo pia itaondolewa kamba ya plastiki, fedha ikipatikana.

Tukiwa hapo nilibadilisha pia ufungaji wa nanga ya nondo. Mnyororo wake sasa umefungwa kwenye kitako, chini kwenye makombe, kisha ukapandishwa kando ya mti na kushikizwa kwenye pete ya juu kwa uzi mwembamba. Ikinasa mwambani, unavuta kwa nguvu kutoka juu, uzi unakatika, na nanga inatoka kinyumenyume. Hii ni ya mchana, watu wakiwa macho. Usiku wa upepo siifungi hivyo, kwa kuwa uzi unaweza kukatika usipotaka. Inanipa moyo kufikiri kwamba tutakata kamba chache zaidi, maana kila nanga iliyoachwa inabaki kusaga matumbawe, na tumbawe la kichwa hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Mabapa hayatiwi kwenye matumbawe kabisa. Kama maji ni meupe tunatafuta kiraka cha mchanga kwa macho kabla ya kushusha.

Machi, mahali pake botini

Nanga ya pili iliyofukiwa chini ya madema si nanga. Hii inalala chini ya mbao za tezini, upande wa kulia, imefungwa kwa kamba moja yenye fundo la kuvuta. Nailoni yake haikukunjwa kwa mviringo. Imemwagwa ndani ya beseni lenye matundu, mwisho wake ukiwa chini kabisa na umefungwa tayari kwenye mbavu ya boti. Ukiimwaga hivyo inatoka bila kufungamana. Tumejaribu gizani na taa zimezimwa, kijana wetu wa kazi ndiye aliyeishusha, nami nikakaa kimya ili nione kama mpangilio unajieleza wenyewe. Alihangaika kidogo na lile fundo la kuvuta, kwa hiyo nimelibadilisha na ukanda wa mpira.

Kilichobaki kabla kusi haijaanza ni kigingi cha tezi. Kilichopo kimepigiliwa misumari kwenye ubao mmoja tu, na kilo 85 zitakitoa na ubao wake. Kinatakiwa kigingi cha mvule kilichopitishwa bolti hadi chini, na kipande kipana cha mbao nyuma yake kusambaza mvuto. Seremala amekuja kupima, bolti nne za milimita 10 zimenunuliwa, na boti itapandishwa ufukweni bamvua lijalo.